Juha Kalulu na Nyumba Iliyomsahau

Katika historia ya vibonzo vya Kiswahili nchini Kenya, ni vigumu kumtaja mhusika aliyedumu kuliko Juha Kalulu. Alibuniwa na mchoraji Edward Gicheri Gitau katika miaka ya 1950, akapitia machapisho mengine kabla ya kupata makao katika Taifa Leo, na humo akakaa kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, jiji la Nairobi lilipoanza kuunda vikaragosi na katuni za televisheni, mhusika huyu hakuitwa. Shule nazo hazikumwita. Makala haya yanakusudia kuchunguza sababu za kupuuzwa huko. Yanadai kwamba Juha hakupitwa kwa kukosa sifa. Alipitwa kwa sababu alikaa katika lugha, katika fani na katika tabaka la uandishi ambalo waliokuwa na uwezo wa kumkuza, wahakiki wakiwemo, hawakulihesabu kuwa ni mali.

Inafaa kuanza na jina lenyewe, maana jina hili ni uhakiki mfupi. Juha ni mjinga, na katika ngano za Waarabu ni mtu maalumu ambaye ujinga wake aghalabu huwafichua wenye akili. Kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu, mathalani Kichewa na Kibemba. Naye sungura ndiye mjanja mkuu wa ngano za Afrika ya Mashariki. Hivyo jina moja limewafunga pamoja mjinga na mjanja, pwani na bara, hekaya iliyovuka bahari na ngano ya jikoni. Mtafiti Jigal Beez, katika kuandika juu ya vibonzo vya mwanzo vya Kiswahili, aliuona uzito wa huyu sungura mjinga. Ni mhusika ambaye msomaji humcheka huku akijiuliza kama anayechekwa si yeye mwenyewe.

Nafasi ya kwanza ya kumtoa mhusika wa aina hii gazetini ilipatikana mwaka 2009, wakati The XYZ Show ilipoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Citizen. Mwasisi wake, Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kwa jina la Gado, alikuwa mchoraji wa Daily Nation, na alivutiwa na mfano wa Kifaransa wa Les Guignols de l'info, ulioanza mwaka 1988. Vikaragosi vyake vya mpira viliwaiga wanasiasa. Hapa sababu ya kumpita Juha ni ya kifani. Kikaragosi cha dhihaka hupata nguvu kutokana na uso unaojulikana: mtazamaji humtambua rais au waziri kabla hajafungua kinywa, na kicheko huanzia hapo. Juha hamwigi mtu yeyote. Ucheshi wa juha umo katika maneno, katika tabia yake ya kulichukua neno kama lilivyosemwa badala ya kama lilivyokusudiwa. Uso wake ukiumbwa kwa mpira bila ya maneno hayo, kinachobaki ni mwanasesere.

Nafasi ya pili ilikuja mwaka 2010. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza, zilichukua sura zake kutoka kwa michoro iliyoanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Kila hadithi ilieleza asili ya sifa fulani ya mnyama, na soko lake lilikuwa watoto wadogo wa nchi nyingi. Mpango wa namna hiyo unahitaji mhusika ambaye hadithi yake inaeleweka popote. Juha alikuwa na kasoro machoni pa soko hilo: ni mtu wa mahali, na mzaha wake ukifasiriwa hupungua kama chumvi katika maji mengi.

Yamkini msomaji atahitimisha kwamba basi kosa ni la Juha mwenyewe, kwamba mhusika wa gazeti hawezi kuishi nje ya gazeti. Hitimisho hilo halisimami. Mwaka 1996 kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi ilichapisha Abunuwasi, kitabu cha vibonzo vya Kiswahili kilichochorwa na Gado huyo huyo. Abunuwasi ni ndugu wa Juha kwa kila hali: naye ni mtu wa maneno, naye alivuka bahari, naye hushinda kwa kulipindua neno. Kitabu hicho kilionyesha kwamba ucheshi wa lugha huweza kuhamia katika vibonzo vya kitabu na ukabaki na ladha. Tofauti ni kwamba Abunuwasi alikwisha kuwa na hadhi. Hekaya zake zilikuwa zimepigwa chapa na kusomwa shuleni tangu zamani, na hazina mwenyewe. Juha alikuwa kiumbe cha mchoraji mmoja, ndani ya gazeti la watu wengine. Alikuwa mpangaji, na mwenye nyumba haongezi chumba kwa ajili ya mpangaji ambaye hajamhesabu katika urithi.

Nyumba hiyo nayo ina vyumba visivyolingana. Taifa Leo na Daily Nation yalianza kutoka kila siku mwaka 1960 chini ya kampuni moja. Tangu hapo la Kiingereza limekuwa sebule, ambamo wageni hupokewa na watangazaji wa bidhaa huketi; la Kiswahili limekuwa ua, ambapo kazi nyingi hufanyika na watu wengi hucheka, lakini pasipoonyeshwa mgeni. Mchoraji wa sebuleni alijulikana nje ya nchi na michoro yake ikakusanywa vitabuni. Aliyechora uani alipendwa na wasomaji wengi, na mapenzi hayo yakachukuliwa kuwa ni jambo la kawaida lisilohitaji kutunzwa.

Kuna pia suala la umbo. Kibonzo cha kila siku huzaliwa asubuhi, na jioni kimefunga nyama buchani. Wepesi wake humdanganya msomaji. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Lakini kinachoelea kila siku husahauliwa kuwa kiliundwa. Kuandika mazungumzo yanayotosha katika fremu chache, yenye kuanza, kugeuka na kumalizika kwa kicheko, ni kazi ya usanifu isiyo nyepesi kuliko ya mtunzi wa hadithi fupi.

Wahakiki wa Kiswahili hawawezi kujitoa katika lawama. Kwa muda mrefu idara zimegawa uwanja katika fasihi simulizi na fasihi andishi, na kibonzo kikakosa pa kuketi: kina maandishi lakini husemwa, kina mchoro lakini si sanaa ya maonyesho. Kutokana na mgawanyo huo, vitabu teule vya shule za sekondari vimekuwa riwaya, tamthilia na mikusanyiko ya hadithi fupi. Maamuzi ya mtaala hufanywa Ngara, katika Barabara ya Desai, ilipo taasisi iliyoitwa KIE hadi ilipogeuzwa kuwa KICD mwaka 2013. Taasisi hiyo huidhinisha vitabu na hutayarisha vipindi vya shule. Ni hapo ambapo vibonzo vingeweza kupewa hadhi iliyopewa hekaya. Lakini taasisi haiwezi kuidhinisha kitu ambacho wataalamu hawajakichambua, na wataalamu nao husema kwamba hawachambui kilicho nje ya mtaala. Huo ni mduara, na Juha ameachwa katikati yake.

Hasara yake si ya kicheko tu. Mhusika aliyezungumza gazetini tangu siku za ukoloni hadi ndani ya uhuru ameacha kumbukumbu ya Kiswahili cha mazungumzo cha bara, cha mke na mume, cha jirani na mdai wake, ambayo kamusi hazina wala riwaya hazikuikusudia. Huenda baadhi ya mizaha ya miaka hiyo haimfai mwanafunzi wa leo. Hilo ni suala la uteuzi, nao uteuzi ndio kazi ya mhakiki.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haipaswi kungojea televisheni wala kikaragosi. Magazeti ya zamani yamo katika maktaba na Nyaraka za Taifa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Ngara. Wanafunzi wa shahada ya uzamili wakipewa kila mmoja muongo wake, wakayanakili mazungumzo, wakaweka tarehe na kueleza msamiati, patapatikana matini inayoweza kuhaririwa na kuchapishwa kwa idhini ya wenye haki. Matini ikishapatikana, mtaala utakuwa na cha kuidhinisha, na mwenye kutaka kuunda kikaragosi atakuwa na maneno ya kukitia kinywani.