"Wale" na "Sisi" katika Riwaya ya Kisayansi

Sisi tuliokulia Mji wa Kale wa Mombasa tuliwasoma Jules Verne na H.G. Wells kwa Kiingereza kabla hatujapata riwaya ya namna hiyo kwa Kiswahili. Yadaiwa kwamba mambo hayo yalikuwa mageni kwetu. Dai hilo halina msingi. Farasi wa mti arukaye tulikwisha mjua katika Alfu Lela Ulela. Safari ya mbinguni tuliisikia kila mwezi wa Rajabu, isomwapo habari ya Miraji. Ugeni ulikuwamo katika nafasi aliyopewa msomaji.

Tuchukue riwaya ya Verne ya mwaka 1863 ihusuyo majuma matano ndani ya puto. Safari yaanzia Unguja. Wenyeji wanataka kuliharibu puto, wakidhani wasafiri wanakwenda kulidhuru jua na mwezi. Mtoto wa Mombasa, ambaye wazee wake waliongoza majahazi kwa nyota, alilazimika kuchagua: apande pamoja na Dakta Fergusson, au abaki chini na jamaa zake wanaoonyeshwa kuwa wajinga. Sote tulipanda. Hiyo ndiyo hasara ambayo hatukuihesabu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Neno letu likafika angani. Riwaya yetu ilikuwa bado.

Hapa ndipo uonekanapo uzito wa Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa katika chombo cha angani, naye anafika nchi iliyo bora kuliko alikotoka. Ni rahisi kuisoma kazi hii kama istiara ya kisiasa tu, na chombo kikawa pambo. Ni kweli Mkangi hajishughulishi sana na ufundi wake. Hapo Verne anamshinda, maana yeye hueleza hata jinsi gesi inavyopashwa moto ili puto lipande. Lakini jina la nchi hiyo ni sentensi kamili: wale ni sisi. Aliyemo chomboni ni mmoja wetu, na anafikiri kwa Kiswahili. Msomaji hana haja tena ya kuwaacha jamaa zake chini ili apae.

Kilichobaki ni mwandishi atakayetueleza pia chombo hicho kinakwendaje.