Neno na Kazi Yake: Kufasiri Istilahi za Umeme kutoka Kijerumani hadi Kiingereza

Imekuwa desturi kudhani kuwa istilahi za kiufundi ndizo nyepesi kuliko zote kufasiri. Shairi, husemwa, lina hisia na mafumbo. Istilahi ina maana moja tu, na mwenye kamusi nzuri hana la kuhangaikia. Dai hili halisimami linapopimwa kwa istilahi za uhandisi wa umeme zinazotolewa Kijerumani na kutiwa katika Kiingereza, ingawa lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja.

Mathalani, neno "Leistungsschalter" limeundwa kwa "Leistung", yaani nguvu, na "Schalter", yaani swichi. Mfasiri wa neno kwa neno atapata "power switch", jina ambalo kwa Mwingereza ni la kitufe cha kuwashia chombo. Kitu chenyewe ni "circuit breaker", kifaa chenye uwezo wa kukata hata mkondo mkubwa wa shoti bila kuharibika. Mnunuzi aliyepewa kitufe mahali pa kifaa hicho hakukosewa neno tu, amekosewa kinga.

Aidha, Kijerumani hutenga "Steuerung" na "Regelung", na kanuni ya DIN 19226 ya mwaka 1968 iliweka bayana tofauti hiyo. Taa za njia panda zinazobadilika kwa kufuata saa, bila kujali wingi wa magari, ni mfano wa "Steuerung". Pasi inayopima joto lake yenyewe, ikajizima na kujiwasha, ni mfano wa "Regelung". Kiingereza huita yote mawili "control". Mfasiri makini hulazimika kuongeza maneno, "open-loop" kwa la kwanza na "closed-loop" kwa la pili. Mvivu huacha "control" pekee, na sentensi iliyokuwa na hoja ikabaki haina.

Hatari huzidi katika neno "Nulleiter". Katika kanuni za zamani za Ujerumani, huo ulikuwa waya mmoja wenye kazi mbili: kurudisha mkondo, na kumkinga mtu anayegusa gamba la chuma la mtambo. Kamusi ikijibu "neutral", kazi ya kwanza imefasiriwa na ya pili imepotea. Fundi anayesoma Kiingereza hicho aweza kutia swichi ya kuukata waya huo. Ukikatwa, gamba lenyewe laweza kushika umeme, na kinga ikageuka mtego. Herufi za kimataifa PEN, zinazotumika sasa, zimeziweka kazi zote mbili wazi.

Hata neno la kawaida halina salama. "Rot" ni "red". Hakuna mwalimu wa tafsiri atakayelikosoa. Lakini hadi katikati ya miaka ya 1960 waya mwekundu nchini Ujerumani ulikuwa wa kinga, ilhali Uingereza waya mwekundu ndio uliokuwa na umeme. Tafsiri sahihi ya rangi iliweza kumuua msomaji wake.

Ni dhahiri basi kuwa swali la kwanza la mfasiri si "Kitu hiki chaitwaje?" bali "Kitu hiki hufanya nini?" Ndiyo njia ya msamiati wa kimataifa wa umeme, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1938: dhana hufafanuliwa kwanza, kisha majina ya kila lugha yakaambatishwa.

Somo hili lawahusu pia waundaji wa istilahi za Kiswahili, ambao mara nyingi huzipokea dhana za ufundi kupitia Kiingereza. Neno "udhibiti" likiwekwa tu badala ya "control", Kiswahili kitakuwa kimerithi utata ambao Kijerumani hakikuwa nao. Aendaye kuteka maji hana budi kutazama chemchemi, si mtungi wa jirani peke yake.