Hadithi Inayoishia Jahazini

Ziara ya kihistoria ya Kwale ina muundo wake, na ukiifanya mara mbili tatu unaukariri kama kiitikio. Unavuka feri Likoni, unapanda matatu hadi Ukunda, unalala Diani. Asubuhi ni Kaya Kinondo. Mchana ni pango la Shimoni. Halafu boti hadi Wasini, pomboo wakionekana bahati yako, na sahani ya kaa. Jioni picha ziko mtandaoni. Nimeizunguka njia hii na marafiki wa Nairobi, nimeizunguka na binamu zangu, na hapa nataka kuisoma kama tunavyosoma hadithi fupi: nani anasimulia, nani ameachwa nje, na mwisho umewekwa wapi.

Nianze na mwisho, maana hapo ndipo ninapogombana nayo.

Unashuka ngazi kuingia pangoni. Kuna popo, kuna unyevu, kuna mwanga unaoingia kwa matundu ya juu. Simulizi unayopewa ni ile ambayo karibu kila Mkenya amewahi kuisikia: watu walikamatwa bara, wakaletwa hapa, wakafungwa, wakangojeshwa, wakapakiwa jahazini wakapelekwa Unguja na Arabuni. Jahazi likang'oa nanga. Kimya. Roger Whittaker, mwimbaji mzaliwa wa Nairobi, aliipa habari hii wimbo unaoitwa "Shimoni", na wengi waliijua kupitia kwake kabla hawajalijua pango lenyewe. Ni simulizi nzito, na sina shida na anayeisimulia. Wengi wao ni vijana wa hapo hapo wanaojitafutia riziki, na huisimulia vizuri.

Lakini sikiliza vitenzi. Walikamatwa. Walifungwa. Walipakiwa. Kiswahili kina kauli ya kutendwa iliyo tamu sana kwa mtu asiyetaka kumtaja mtenda. Na mtenda akitajwa, anatajwa kwa neno moja, "Waarabu", kisha tunasonga mbele. Mhalifu katoka nje, mhanga kaenda nje, na sisi tuliosimama katikati tumebaki safi.

Sasa ichukue ramani. Pemba iko ng'ambo tu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ila Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na bei ya karafuu ikapanda. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la Uingereza, Sultani Barghash akapiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Yaani Pemba ilihitaji mikono zaidi wakati ule ule ambapo njia ya bahari ilizibwa. Watu wakawa wanatembezwa kwa miguu kufuata pwani na kuvushwa kwa magendo, hadi 1876 Sultani akakataza na misafara ya nchi kavu. Kwa hivyo safari nyingi hazikuwa za mbali kama tunavyoambiwa. Nyingine zilikuwa za usiku mmoja wa tanga. Na wengine hawakupanda chombo chochote: walibaki kwenye mashamba ya nazi na nafaka ya pwani hii hii, chini ya mabwana waliokuwa wenyeji wa hapa.

Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Fidia ililipwa, na aliyelipwa ni bwana, kwa hasara ya kupoteza mali yake. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: kila anayedai shamba pwani alete ushahidi wake. Jiulize, aliyekuwa mtumwa mwaka mmoja nyuma angeleta ushahidi gani? Ukisikia leo neno "skwota" huko Kwale, ukiona familia imelima mahali vizazi vitatu bila karatasi, si kila kesi inatokana na hapo, lakini mlango mmojawapo ulifunguliwa hapo.

Ndiyo maana naona mwisho wa jahazini si jambo la ladha tu. Hadithi inayoishia jahazini haimdai mtu yeyote. Wahusika wote wameondoka, hakuna aliyerithi chochote, si shamba wala deni. Unalia kidogo, unalipa, unapanda ngazi kurudi juani.

Safari moja binamu yangu aliuliza kule chini, "Kaka, kwani wote walipanda jahazi?" Mwelekezi wetu alicheka kidogo. "Dadangu, hilo watu hawaulizi sana. Waliobaki wana wajukuu." Akasita, kisha akaturudisha kwenye popo. Sikumlaumu. Kumwambia mtu wa pwani kwamba babu yake alikuwa mtumwa bado ni tusi, na mjukuu wa bwana huenda ndiye jirani, ndiye imamu, ndiye mwenye nyumba.

Isitoshe, pango lenyewe lina kumbukumbu zaidi ya moja. Wapo wanaolikumbuka kama maficho ya wenyeji wakati wa mashambulizi ya Wamaasai karne ya 19, na wapo wanaolijua kama mahali pa matambiko. Mwanaakiolojia Herman Kiriama ameandika kuhusu Shimoni na namna watu wanavyoukumbuka utumwa. Kumbukumbu hizi zingeweza kukaa pamoja, maana pango ni kubwa. Ila tiketi inauza moja.

Gazi, njiani kutoka Diani kwenda Msambweni, kuna kigugumizi cha aina nyingine. Hapo ndipo alipokuwa Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyewapigana Waingereza mwaka 1895 hadi 1896, kisha akavuka mpaka kwenda upande wa Wajerumani. Tunapenda kumweka kwenye orodha ya mashujaa waliopinga ukoloni, na ni haki yake. Lakini dunia aliyoitetea ilisimama juu ya kazi ya watumwa, na hilo nalo ni lake. Hadithi nzuri ingeyashika yote mawili kwa mkono mmoja. Tunayopewa huchagua moja, kutegemea nani anasikiliza.

Linganisha na Kaya Kinondo. Msitu huu wa Wadigo ni mmoja wa kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na bado uko chini ya wazee. Kabla ya kuingia unafungwa kaniki kiunoni. Hutoki na jani. Hukumbatiani na mpenzi wako, ila mti mkubwa unaruhusiwa kuukumbatia. Kuna mahali hupigi picha, na kuna mahali huendi kabisa. Rafiki yangu aliponung'unika, mzee alimjibu kwa upole, "Mwanangu, si kila mlango ni wa mgeni."

Kama msomaji, nilimwamini mzee huyo papo hapo. Kinondo inakwambia waziwazi kuna kitu imekificha, na inakwambia kwa nini: pale wamelala watu wa mtu. Shimoni inafanya kana kwamba imekuonyesha kila kitu. Na wazee wa Kinondo wanajua thamani ya mlango. Jirani tu, kisiwa cha Chale nacho kina msitu wa kaya. Leo kina hoteli pia.

Ningekuwa na uwezo wa kuhariri ziara hii, nisingefuta pango. Ningeongeza kituo kimoja ambacho hakina ngazi wala popo: Makongeni, kwa Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa wakati wa mkoloni. Uhuru ukaja 1963, wao wakabaki bila uraia, vizazi na vizazi vikizaliwa Kwale bila kitambulisho. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, na kabla ya mwaka kwisha wakaanza kupewa vitambulisho. Sisemi walikuwa watumwa. Nasema ni watu walioletwa kwa ajili ya mikono yao, kisha karatasi ikawasahau, na wakaifuata karatasi wenyewe barabarani. Hiyo ni historia ya Kwale yenye watenda, wenye majina, wengi wao wakiwa hai.

Kwa hivyo nenda Shimoni. Lipa kiingilio, msikilize kijana mpaka mwisho, mpe bakshishi. Halafu muulize kwa heshima, mkishatoka nje na wageni wengine wametawanyika: na waliobaki, walipewa nini? Akinyamaza, usimlazimishe. Ila usiondoke ukidhani hadithi imekwisha.