Ringi ya bei poa: 50 inasamehe, 90 haisamehi

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana niliwaambia wenzangu wa kikundi chetu cha kamera kwamba ringi za bei poa za kubadilishia maunti ya lenzi za Leica hazina shida yoyote. Maneno yangu yalikuwa haya haya: "Nimejaribu, inafanya kazi." Wawili walinunua kwa kuniamini mimi. Leo nataka kuyakosoa maneno hayo. Nilikuwa nimejaribu kweli, na ringi ilifanya kazi kweli, na bado nilikuwa nimekosea.

Kwa wasiozijua: hizi ni kamera za renjifainda, zile ambazo dirisha la kuchungulia liko pembeni na halipiti kwenye lenzi. Unaona vivuli viwili vya mtu yule yule, unazungusha lenzi mpaka vivuli viungane, unapiga. Mohamed Amin alipoanzisha Camerapix hapa Dar mwaka 1963, kamera za aina hii zilikuwa bado mikononi mwa wapiga picha wa habari duniani kote, ingawa Nikon F ya mwaka 1959 ilishaanza kuzing'oa. Siku hizi ni za wapenzi wachache, na za watu kama mimi walioachiwa na ndugu. Mjomba wangu anayeishi Muscat aliniachia Leica M ya dijitali, ile Typ 240 yenye pikseli milioni 24, pamoja na lenzi tatu za zamani: 35 ya f/2, 50 ya f/2 na 90 ya f/2.8.

Ringi zinaingiaje hapo? Mwaka 2006 Leica walipotoa M8, walianza kuchora vitobo sita vidogo kwenye maunti ya lenzi. Vingine vinapakwa rangi nyeusi, vingine nyeupe, na kamera inavisoma ijue lenzi gani imefungwa ili irekebishe giza na rangi za pembeni mwa picha. Vitobo sita vya rangi mbili vinatoa michanganyiko 64. Lenzi za zamani hazina vitobo. Kupeleka lenzi kiwandani wakubadilishie maunti ni gharama kubwa, basi soko likajaa ringi za watengenezaji wengine: unafungua skrubu chache, unatoa ringi ya zamani, unafunga mpya. Dakika kumi na tano tu. Nikaagiza tatu.

Nikafunga ya 50 kwanza. Nikatoka nayo ufukweni hapa Mbezi Beach, nikapiga ngalawa, nikapiga watoto wa jirani, nikapiga muuza madafu. Zote kali kama wembe. Hapo ndo nikaenda kuwatangazia wenzangu.

Mwezi wa kumi na mbili babu alikuja kukaa kwetu wiki mbili. Nilimpiga picha barazani kwa ile 90, f/2.8, kutoka kama mita tatu, akiwa ameshika kikombe cha kahawa karibu na kidevu. Picha 41. Babu alirudi kijijini na mwezi wa tatu akatutoka. Tulipozifungua picha kwenye kompyuta ili tuchague ya kuweka kwenye fremu, karibu zote zilikuwa na kikombe kikali, unasoma hadi ufa wa mpini, na macho ya babu yamefifia. Moja tu ilikuwa safi. Alikuwa amecheka na kuinama mbele kidogo baada ya mimi kumaliza kufokasi.

Mara ya kwanza nilijilaumu mwenyewe: mikono, macho, haraka. Halafu nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza. Kamera hii inaweza pia kuonyesha picha ya moja kwa moja kwenye skrini ya nyuma. Nikaweka kitabu mita tatu, nikafokasi kwa skrini: safi kabisa. Nikafokasi kwa dirisha: fokasi ikaangukia mbele ya kitabu. Nikarudia mara kumi, mbele ileile. Kwa hiyo lenzi nzima. Nikavua ringi, nikaipeleka maabara na ile ya asili, nikazipima kwa maikromita. Mpya ilikuwa nyembamba kwa milimita 0.03, chini ya nusu ya unene wa unywele. Nikapima na zile mbili nyingine. Zilikuwa vilevile!

Sasa hapa ndo pananoga. Kama zote tatu zina kosa lilelile, kwa nini 50 ilipiga vizuri?

Renjifainda haiulizi kama picha imekaa sawa. Haiwezi kujua, maana haioni kupitia lenzi. Ndani ya kamera kuna kigurudumu kidogo kinachogusa ukingo wa chuma nyuma ya lenzi. Ukizungusha lenzi, ukingo unaingia au kutoka, kigurudumu kinaufuata, na kinasogeza kivuli unachokiona dirishani. Kwa hiyo swali pekee la kamera ni: ukingo uko milimita ngapi? Vipimo vyote vya mfumo huu vilijengwa juu ya lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 51.6, ambao ndio urefu halisi wa lenzi nyingi za Leica zinazoitwa "50". Kwenye lenzi hiyo ukingo na vioo vinakwenda pamoja: ukingo ukisogea milimita moja, vioo navyo vinasogea milimita moja.

Kwenye 90 mambo ni mengine. Ili kufokasi mtu yule yule, vioo vya 90 vinapaswa kusogea karibu mara tatu ya vile vya 50, kwa sababu mwendo unakua kwa kipeo cha pili cha urefu wa fokasi: chukua 90, gawanya kwa 51.6, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 3.04. Lakini kigurudumu cha kamera kinaelewa lugha ya 50 tu. Basi ndani ya lenzi kuna utaratibu wa kutafsiri: vioo vikisogea milimita tatu, ukingo unasogea moja. Kwenye 35 ni kinyume, ukingo unasogea zaidi ya mara mbili ya vioo.

Tuweke ringi iliyo nyembamba kwa 0.03. Lenzi nzima inarudi nyuma 0.03, vioo na ukingo pamoja. Wewe ukichungulia unaona vivuli havijaungana, unazungusha kidogo zaidi mpaka viungane. Yaani umerudisha ukingo mbele 0.03. Kwenye 50, vioo navyo vimerudi mbele 0.03, sawasawa na vilichopoteza. Hesabu imefungwa, kosa limekufa, na hukujua kama lilikuwepo. Kwenye 90, ukingo ukirudi 0.03, vioo vinakwenda mbele 0.09. Vilihitaji 0.03. Kuna ziada ya 0.06.

Milimita 0.06 inasikika kama utani. Lakini kwa 90 na mtu aliye mita tatu, ziada hiyo inaivuta fokasi mbele kwa takribani sentimita sita. Pima kutoka jichoni mwako sentimita sita kwenda mbele: umeshapita ncha ya pua. Ndipo kikombe cha babu kilipokuwa. Kwenye sensa, nukta moja ya jicho kwa f/2.8 inakuwa duara la milimita 0.021, na pikseli za kamera hii zina upana wa milimita 0.006. Ni ukungu wa pikseli tatu na nusu. Kwenye 35 kosa lipo pia, ila linakuwa la milimita 0.016 tu, na kwa f/2 linatoa ukungu wa pikseli moja na kidogo. Utachapisha picha kubwa ya ukutani na hutaliona.

Kwa hiyo ukosoaji wangu wa kwanza hauendi kwa ringi, unaenda kwetu sisi tunaozisifia. Karibu kila mtu anayejaribu ringi anaijaribu na 50, kwa sababu 50 ndiyo lenzi ambayo kila mtu anayo. Na 50 ndiyo lenzi pekee ambayo mfumo huu unaifichia kosa la unene. Tumechukua mtihani ambao hauwezi kufelisha, tukatangaza kwamba mwanafunzi amefaulu. Hata kwa 50 kosa lingeonekana kama ningejua pa kutazama. Ukizungusha lenzi mpaka mwisho wake na kutazama kisiwa cha Mbudya kule mbali, vivuli vinapitana kidogo badala ya kuungana. Mimi ufukweni sikutazama kisiwa, nilitazama ngalawa.

Ukosoaji wa pili ni wa wauzaji. Maelezo ya bidhaa yanataja vitobo, rangi, na fremu ipi itatokea dirishani, jambo la msingi kweli maana umbo la ringi ndilo linaloamua uone fremu ya 28 na 90, ya 35 na 135, au ya 50 na 75. Unene haukutajwa, wala ni kiasi gani unaruhusiwa kupungua au kuzidi. Nilimpelekea fundi mmoja wa kukereza vyuma pale Gerezani ile ringi nimuulize kama anaweza kuchonga mpya. Kabla hata hajaishika aliniuliza: "Unataka ikose kwa pointi ngapi?" Huyo anachonga shafti za pampu, na anajua kwamba kipimo bila kiasi cha kosa si kipimo.

Nisieleweke vibaya, hii si ile hadithi ya orijino na feki. Ringi ya bei poa yenye unene sahihi ni ringi nzuri, na chuma hakijui kimetengenezwa wapi. Ringi ya asili iliyolika kwa miaka hamsini inaweza kuwa mbaya kuliko mpya ya bei rahisi. Kinachonikera ni kwamba kwenye kamera yangu sikuihitaji kabisa! Typ 240, kama M9 kabla yake, ina menyu ya kuchagua lenzi kwa mkono. Unabonyeza, unachagua 90, kamera inafanya marekebisho yaleyale. Vitobo vinakuokolea sekunde tano. Kwenye M8, ambayo haina menyu hiyo, ningeelewa.

Kama tayari unayo ringi na lenzi ni ndefu, ipime. Yangu niliisahihisha kwa muda kwa tabaka mbili za ile karatasi ya alumini ya kufungia chakula, iliyokatwa kwa mduara chini ya ringi. Tabaka mbili za niliyokuwa nayo zilifika 0.03 na fokasi ikarudi kitabuni. Ila usiiache humo miezi. Alumini ikigusana na shaba kwenye hewa ya chumvi kama yetu ya huku pwani, inaliwa haraka, na ikiliwa unene unabadilika tena. Mimi nimerudisha ringi ya asili.

Wenye adapta za kufungia lenzi za skrubu kwenye Leica M, hesabu ni hiihii. Adapta inapaswa kuwa na unene wa milimita 1.00 kamili, tofauti ya 28.80 na 27.80. Ukiwa na Jupiter-9, ile 85 ya Kirusi ya f/2, ipime kabla hujalaumu macho yako.

Wale wawili walionunua kwa neno langu, mmoja anatumia 50 tu. Huyo nimemwambia aendelee, asiamini tu alama za umbali zilizoandikwa kwenye lenzi. Mwingine ana 75, ambayo ziada yake inakaribia kulingana na kosa lenyewe, na mwezi ujao dada yake ana send-off. Nimempigia jana usiku, leo jioni anakuja na lenzi, na maikromita nimeshaiazima.