Nyumba ya Mtunzi na Wimbo wa Kanisa: Tafakari kutoka Ufipa

Kuhifadhi nyumba alimozaliwa mtunzi wa muziki ni desturi iliyokita mizizi huko Ulaya, na watumishi wetu wanaoalikwa na makanisa rafiki hupelekwa kuzitazama nyumba hizo. Katika makala hii twataka kuipima desturi hiyo. Nyumba ya namna hiyo yahifadhi nini hasa? Na sisi tulioko Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa tuige nini, tuache nini?

Mfano ulio karibu nasi Walutheri ni mji wa Eisenach, Ujerumani. Johann Sebastian Bach alizaliwa huko mwaka 1685, akasoma katika shule ile ile ya Kilatini aliyoisoma Martin Luther kabla yake. Mwaka 1907 nyumba ya kale mjini humo, iliyodhaniwa kuwa ndiyo alimozaliwa, ilifunguliwa kuwa makumbusho. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba sivyo. Jamaa yake walikaa katika nyumba nyingine ya mji huo. Hata hivyo makumbusho hayo hayakufungwa. Wageni wangali wanafika, nao hupigiwa muziki kwa vinanda vya aina iliyotumika zama za Bach.

Wako watakaocheka. Sisi twaona hapo fundisho. Kama uzito ungekuwa katika kuta, uchunguzi ule ungalilimaliza jumba lile. Limesalimika kwa sababu ndani yake muziki unapigwa. Lakini lipo pia la kuonya. Kantata nyingi za Bach zilitungwa kwa ajili ya ibada, zikifuata Injili ya Jumapili. Zikiwekwa mbali na kusanyiko, mgeni aweza kutoka akimstaajabia mtu bila kulisikia Neno. Kanisa lililokataa kuheshimu masalio ya watakatifu halina budi kujihadhari lisianze kuyaheshimu masalio ya wanamuziki.

Ufipa tunakuta kinyume chake. Katika vijiji vyetu yangaliko malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma. Mengine yana kimo cha mita 3 hivi. Kazi ile ilikuwa na miiko yake na nyimbo zake. Leo mwanafunzi aweza kulizunguka lungu na kuligusa, lakini nyimbo zake hazisikiki hapo, na lungu lenyewe halimwambii ni nani aliyezitunga. Eisenach wana wimbo katika nyumba isiyo yenyewe. Sisi tuna nyumba yenyewe isiyo na wimbo. Kati ya hasara hizo mbili, ya kwetu ndiyo kubwa.

Wala jambo hili si la wahunzi wa kale tu. Wimbo wa Pasaka uitwao "Mfurahini, Haleluya" unaimbwa leo katika makanisa mengi ya ng'ambo. Maneno yake yalitungwa katika miaka ya 1960 na Bernard Kyamanywa, alipokuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, na jina lake limo vitabuni. Lakini mahadhi yake huandikwa kuwa ya asili ya Tanzania, basi. Neno "asili" ni la heshima. Hata hivyo mara nyingi huficha kwamba hakuna aliyeuliza. Mahadhi hayaoti kama nyasi. Yuko mtu aliyeyaanza, mahali fulani, kwa furaha au kwa msiba fulani.

Mfano bora twauona Bujora, karibu na Mwanza. Huko Padre David Clement, wa shirika lile lile la Wamisionari wa Afrika lililotangulia kuhubiri Injili Ufipa, alisaidia kuanzisha makumbusho ya Wasukuma. Ngoma zimehifadhiwa humo, na vyama vya Wagika na Wagalu vinakumbukwa humo; lakini pia watu hukutana Bujora kushindana kucheza. Kilichotunzwa hakikutengwa na wanaokitumia.

Huenda ndugu msomaji akasema kwamba mtunzi Mkristo hatafuti jina, kwa kuwa utukufu ni wa Mungu peke yake. Ni kweli. Lakini Zaburi zenyewe zimebeba majina ya Asafu na wana wa Kora, na 1 Nyakati 25 yaorodhesha waimbaji wa Hekalu mmoja mmoja. Nyumba zao hatuzijui. Majina yao tunayo. Bach naye alizoea kumalizia kazi zake kwa herufi za kumpa Mungu utukufu, wala hilo halikuzuia jina lake kufahamika. Kumtaja mtumishi si kumwabudu. Ni kushukuru kwa karama ambayo Roho alimpa mtu halisi, katika kijiji halisi.

Kwa hiyo hatuhitaji kujenga jumba. Kila usharika una mwalimu wa kwaya mwenye daftari lake la nyimbo. Mara nyingi daftari hilo huzikwa pamoja na kumbukumbu zake, na wanakwaya wanaobaki huendelea kuimba mpaka jina linasahaulika. Mchungaji na aliombe angali hai. Aandike katika kitabu cha usharika jina la mtunzi, kijiji chake, mwaka, na tukio lililouzaa wimbo; kisha wimbo uimbwe ibadani. Kazi hiyo yahitaji kalamu na jioni chache, na wanafunzi wetu waweza kuianza likizo hii.