Jando la Masasi na Amri ya Sita

Wanaolipinga somo la afya ya uzazi shuleni kwa jina la Kanisa yafaa waitazame Masasi, mkoani Mtwara. Huko Vincent Lucas, Mwanglikana aliyekuwa askofu tangu 1926, hakulipiga jando marufuku. Alilitia sala na mafundisho ya Kikristo. Twaiona hekima yake, ingawa sifa zake husimuliwa zaidi kwa upande wa wavulana. Msichana je? Unyago humfunza mapema mno kumpokea mume. Mwalimu wa baiolojia humchorea mji wa mimba ubaoni, asimwambie namna ya kukataa. Nasi Walutheri, katika kipaimara, twaipita amri ya sita mbiombio kwa kuona haya. Mabinti waliopata mimba walizuiwa kurudi shule za serikali hadi Novemba 2021. Miongoni mwao walikuwamo tuliowapa kipaimara sisi wenyewe.