Kati ya Haraka na Mwendo

Jahazi likitaka kupakwa deheni, nahodha hangoji siku ambayo mabaharia wake wote wana nafasi. Anaangalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa takriban mita nne. Hapo chombo huegeshwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, kikaachwa kikavu yanapokupwa. Tangu dakika hiyo watu wana saa chache tu za kukwangua uchafu ulioganda chini, kuziba nyufa kwa kalafati na kupaka mchanganyiko wa shahamu na chokaa kabla bahari haijarudi. Kazi hii haina muda wa nyongeza. Tena chombo kilichopandishwa kwenye kilele cha bamvua kikikosa kuelea kwa wakati, huenda kikakaa hapo hapo hadi bamvua ijayo, wiki mbili baadaye, kwa sababu kila siku inayofuata maji huja pungufu.

Nahodha hodari hutambulika kabla maji hayajaondoka. Shahamu imeshayeyushwa, pamba imeshasokotwa, kila mtu anaujua upande wake. Jahazi linapokauka hana sababu ya kupaza sauti.

Katika unahodha, kuongoza watu na kupanga wakati ni kazi moja, ingawa maofisini hufundishwa kwa semina mbili tofauti, tena mara nyingi na wakufunzi wawili wasiojuana. Aliyeliona hili mapema ni Ahmad bin Majid, mwanamaji wa Julfar, katika eneo ambalo leo ni Ras al-Khaimah. Mwishoni mwa karne ya 15 aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari, Kitab al-Fawa'id, chenye nyota, bandari na siku za kufunga safari, zikihesabiwa kwa mwaka wa Nairuzi. Hesabu hiyo si ngeni Uswahilini: wavuvi na wakulima wa mwambao walizigawa siku za mwaka huo kwa miongo, kumi kumi, na watu wa Makunduchi bado huukoga mwaka kila Julai. Katikati ya hesabu hizo Ibn Majid anaziacha nyota na kugeukia tabia. Anamtaka mwalimu wa chombo, yaani mwongozaji wake baharini, ajue subira inakoishia na uzembe unakoanzia, atenganishe haraka na mwendo, awe mpole wa maneno, na asimwonee mtu kwa kumpendelea mwenzake.

Haki imewekwa bega kwa bega na wakati, na hapo ndipo ukubwa wa mzee yule unapoonekana. Baharia anayeamini kwamba zamu mbaya za usiku hupangiwa yeye tu ataivuta henza, kamba ya kutwekea tanga, kwa nusu ya nguvu zake, na nusu ya pili ndiyo itakayokosekana foromali inapotwekwa upepo ukigeuka ghafla. Upendeleo hula wakati kuliko uvivu.

Mfano ulio hai zaidi wa watu na wakati kuongozwa pamoja umeachwa na Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, ambaye mwishoni mwa 1938 alipanda bumu la Kuwait huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasser Al-Najdi. Walishuka na kaskazi hadi Mombasa na Zanzibar, wakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha wakarudi na kusi hadi Kuwait mwaka 1939. Kalenda ya safari nzima iliandikwa na pepo mbili. Kaskazi hukoma mnamo Machi. Kusi huanza Aprili na kukaza katikati ya mwaka. Kila siku iliyopotea kwenye matope ya Rufiji ililipwa baharini baadaye, upepo ukiwa umekaza. Hata hivyo boriti zilipakiwa kwa mikono ya watu, na kamba zikavutwa kwa nyimbo, kwa sababu wimbo huwapa watu thelathini pumzi moja bila amri hata moja.

Mshahara wa mwezi haukuwepo. Mapato yaligawanywa mafungu mwisho wa safari, sehemu kwa chombo na sehemu kwa watu, na kila baharia alijua kwamba siku ya uzembe inapunguza fungu lake mwenyewe. Mfumo huo ulikuwa na minyororo yake: mabaharia wengi walianza safari wakiwa na deni kwa nahodha, naye nahodha akiwa na deni kwa matajiri. Asifiwe Al-Najdi kwa ustadi wake, lakini deni lile lisisahauliwe.

Kuna pia sanaa ya kungoja. Wakati wa tanga mbili, kaskazi ikiwa imekufa na kusi haijakaza, maleleji huvuma kutoka kila upande. Nahodha mbaya hutoka hivyo hivyo ili aonekane anafanya kazi. Mzuri huwapa watu matanga ya kushona na kamba za kubadilisha, huwaruhusu kwenda kuona familia, naye mwenyewe hulala. Usingizi wake ni sehemu ya kazi. Baharini humwachia serahangi, msaidizi wake, zamu kamili, bila kuchungulia kila baada ya robo saa, ili siku ya dhoruba awepo mtu mmoja chomboni ambaye kichwa chake hakijachoka. Ni wakuu wangapi wa idara wanaoweza kumwachia msaidizi wao zamu kamili?

Siku hizi majahazi mengi ya Lamu na Unguja yana injini, na simu za manahodha hupokea tahadhari za mamlaka za hali ya hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi. Injini imeleta nafuu kubwa, na imeleta pia shinikizo jipya: mwenye mali aliye mjini anaamini chombo kinaweza kuondoka saa yoyote. Anapiga simu, shehena imekaa, saruji inangojwa ng'ambo. Nahodha anaangalia bahari, anawaangalia vijana wake waliokesha wakipakia, na kumjibu tajiri, mbele yao, kwamba leo hawatoki.